Kura Haipigwi Kabla ya Amina

Kabla Josiane hajaanza kusafiri nao, kiti cha mbele cha gari la Nderitu kilikuwa cha Kanana. Hakuna aliyempa wala aliyekigombea. Kila Jumanne na Alhamisi asubuhi Nderitu alimchukua kutoka kwao Euless, yeye akienda ofisini kwake Richardson, Kanana akienda chuoni. Walikuwa wawili tu, sasa mtu angekaa wapi tena?

Kanana hakuwa msemaji. Kanisani alikaa safu ya nyuma karibu na mlango, na wimbo ukianza aliimba kwa midomo zaidi kuliko kwa sauti. Shangazi yake Jerioth, muuguzi aliyemlea hapa Marekani na aliyekuwa akiishi naye, aliwaambia wageni, "Huyu ukimsikia anaongea, jua nyumba inaungua."

Lakini ndani ya gari lile aliongea.

Ilianza na redio. Majira yale ya mwaka 2005 maseneta wa Washington walikuwa wakivutana juu ya majaji. Rais alikuwa ameteua majaji kadhaa, mmoja wao mwanamke wa hapa hapa Texas, na maseneta walio wachache waliwazuia kwa kutumia desturi ya zamani ya Seneti: aliyeshika nafasi ya kusema hanyamazishwi mpaka wenzake sitini kati ya mia wakubali kufunga mjadala, na mjadala usipofungwa, kura haipigwi. Walio wengi walikuwa wamechoka. Walitishia kuivunja desturi hiyo kwa wateule wa ujaji ili kura ipigwe kwa wingi wa kawaida.

Nderitu alikuwa upande wa kura.

"Mtu ameteuliwa, mpigieni kura yaishe," alisema huku akiingia barabara ya 183. "Mkimkataa, mkatae. Hii ya kuongea mpaka watu walale ni uoga, bana."

"Walio wachache wana nini kingine?" Kanana alimjibu. "Kura hawana. Wana mdomo tu."

"Mdomo wa kufanya nini? Kuna mmoja zamani alisimama kwa Seneti akasoma vile unakaanga chaza."

"Hata kama ni chaza. Jaji akiingia anakaa mpaka afe. Kitu cha mpaka kufa hakiharakishwi."

Nderitu alicheka akapiga usukani kwa kiganja. "Haki ya Mungu, wewe ukiwa seneta mimi nahama nchi."

Kanana aligeukia dirishani ili asionekane jinsi alivyofurahi. Tangu siku hiyo alizitayarisha hoja zake Jumatatu jioni akiosha vyombo, akizigeuza na kuzisuuza mpaka ziwe fupi, maana alikuwa amegundua kwamba hoja fupi ndiyo iliyoleta kicheko kile. Insha yake ya somo la serikali ilihusu jambo hilo hilo, na profesa aliisifu. Lakini profesa hakupiga usukani.

Mwezi wa nne ulipoingia, Josiane alipata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, Richardson, na gari lake likafa wiki hiyo hiyo. Mchungaji Gelasius akamwomba Nderitu ampe lifti. Josiane alikuwa Mkongomani wa Uvira, mwanamke mrefu wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti nzito ya kupendeza. Asubuhi ya kwanza Kanana alimfungulia mlango wa mbele kwa adabu tu, kwa sababu Josiane alikuwa mkubwa kwake na miguu yake ilikuwa mirefu.

"Kaa mbele, dada."

Alidhani ni kwa siku ile moja. Alhamisi Josiane alifungua mlango ule mwenyewe, akarudisha kiti nyuma kidogo apate nafasi, na ukarimu wa siku moja ukawa sheria.

Nyuma, redio haikusikika vizuri. Ukitaka kuchangia neno ilikubidi uinamie katikati ya viti kama mtoto anayeomba kununuliwa kitu. Kanana akaacha kuchangia. Alijifunza badala yake shingo ya Josiane, pete zake ndogo za masikio, na namna alivyoegemea mlango akimwelekea dereva. Nderitu aliposimama kununua kahawa alimuuliza Josiane anataka sukari kiasi gani. Kanana yeye hakuulizwa. Aliletewa tu, akainywa akiwaza kwamba ameshakuwa mtu asiyeulizwa. Kwamba kahawa ile ilikuwa na sukari sawasawa na apendavyo, hilo hakulitia maanani.

Siku moja Josiane aliielekeza kidole redio. "Hawa watu wanabishana nini kila siku?"

Nderitu akamweleza habari ya majaji, polepole na vizuri, kisha akamalizia: "Lakini na wao wana maana yao. Jaji anakaa mpaka afe. Na kitu cha mpaka kufa, unaona, hakiharakishwi."

"Umesema neno," Josiane alisema. "Umesema neno kabisa."

Kanana alihisi kama mtu aliyeona nguo yake imevaliwa na mwingine barabarani. Akafungua begi, akalifunga. Aliposhuka chuoni alisahau kusema asante, akaikumbuka siku nzima ile asante ambayo hakuisema, na hata kwa hilo akamlaumu Josiane.

Kanisani kwao kulikuwa na baraza la watu watatu waliosuluhisha ugomvi: mume na mke, vijana waliopanga nyumba pamoja wakashindwana, jirani na jirani. Waliitwa waamuzi. Mchungaji aliteua na washirika wakapiga kura kwa kuinua mikono, na mwamuzi akishaingia hakutoka mpaka afe au ahame. Mzee Patroba alikuwa amehamia Missouri City kwa mwanawe, kule Houston, na kiti chake kikabaki wazi. Mchungaji Gelasius akamteua Josiane.

Nderitu ndiye aliyekuwa katibu wa baraza. Baraza lilikutana kila Alhamisi jioni.

Lakini kanisa lile nalo lilikuwa na desturi yake. Lilipoanza lilikuwa familia chache katika sebule ya nyumba ya kupanga, Wakenya wengi na Wakongomani wachache sana. Wakenya waliwahi kupiga kura haraka ibada iwe saa ambayo Wakongomani wako kazini kwenye maghala ya uwanja wa ndege. Ndipo mzee Patroba, ingawa Mkenya, akasema: kabla ya kura yoyote, mwenye mzigo moyoni asimame aombe, na asikatizwe. Kura haipigwi kabla ya amina yake. Mkongomani mmoja jina lake Déo alisimama, akaomba mpaka waliompinga wakaanza kufuta machozi, na saa ya ibada ikabadilishwa.

Sasa kanisa lilikodi ukumbi wa Wamarekani pale Euless, na saa nane mchana ilibidi watoke, kwa sababu Watonga, watu wa visiwa vya Pasifiki, waliingia kwa ibada yao na masufuria yao makubwa. Kwa hiyo maombi marefu yalikuwa na nguvu ambayo mzee Patroba hakuifikiria. Jumapili ya kwanza ya kura ya Josiane, Jerioth alisimama. Aliombea kila hospitali aliyowahi kufanya kazi. Jumapili ya pili alisimama rafiki yake. Saa nane ikafika, Watonga wakaingia, kura haikupigwa.

"Aliyeachana na bwana atawapatanisha wenye mabwana?" Jerioth aliuliza nyumbani. "Na amekuja juzi."

Kanana alijua hoja hiyo haina haki. Josiane alikuwa amewapatanisha wasichana wawili wa kwaya kwenye maegesho ya magari tu, akiwa amebeba sahani ya wali. Alilijua hilo, na ujuzi huo haukumsaidia kitu.

Jumanne iliyofuata Nderitu aliendesha akiwa na hasira. "Nitapeleka pendekezo. Maombi ya kabla ya kura yawe dakika tano, basi. Sisi ni wengi, itapita."

Kanana aliinama mbele, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, hoja ikiwa tayari mdomoni. Josiane akamtangulia.

"Hapana. Mi sitaki kiti cha namna hiyo."

"Josiane, ni wewe wanazuia."

"Njo maana nasema. Ile desturi ilitulinda sisi Wakongomani wakati tulikuwa watu watano. Leo mnaivunja kwa ajili yangu. Kesho nikiwa mi niko peke yangu na wote wananikataa, nitaomba wapi? Acha waombe. Watachoka."

Nderitu akatikisa kichwa polepole. "Huyu mama," alisema, kana kwamba hakuna mwingine garini, "huyu mama ni kitu kingine."

Kanana akarudi nyuma akaegemea kiti. Ilikuwa hoja yake ile ile. Ila kinywani mwa Josiane ilikuwa na uzito, kwa sababu Josiane aliitetea ikiwa inamwumiza. Yeye hakuwahi kutetea kitu kilichomgharimu chochote.

Jumamosi, wakimenya viazi vya mukimo, Jerioth alisema bila kumtazama, "Kesho utaomba wewe."

"Mimi, anti?"

"Mimi nikisimama tena wataanza kucheka. Wewe ukisimama watasema, hata Kanana, Mungu ni mwema. Hakuna atakayethubutu kukohoa."

"Sijawahi kuomba mbele ya watu."

"Utaanza." Jerioth alitupa kiazi sufuriani. "Si lazima. Kama unataka Josiane akae Alhamisi zote mpaka usiku na Nderitu wakisuluhisha watu, mimi ni nani? Sijasema kitu."

Kanana alimenya kiazi kile mpaka kikabaki kidogo kama yai la njiwa.

Kesho yake, Mchungaji Gelasius aliposema sasa twende kwenye lile jambo letu, kuna mwenye mzigo, Kanana alisimama. Vichwa viligeuka. Mtu alisema "Bwana asifiwe" kwa mshangao mpole, na Nderitu mezani pa katibu akaweka kalamu chini akatabasamu, tabasamu la kumtia moyo. Tabasamu hilo karibu limkalishe. Kisha akamwona Josiane, safu moja tu mbele yake, naye amegeuka, anamtabasamia vile vile. Wote wawili, kwa namna moja. Akafumba macho.

"Baba, katika jina la Yesu, tunakushukuru kwa siku ya leo."

"Mmh," washirika waliitikia.

Aliwaombea wanaofanya kazi za usiku maghalani na wanaolala mchana wakati watoto wanapiga kelele. Aliwaombea wanaosubiri makaratasi. Aliombea goti la mzee Patroba kule Missouri City, na bawabu wa ukumbi, na Watonga. Sauti yake ilikuwa ndogo, na kwa sababu ilikuwa ndogo watu waliacha hata kujipepea kwa karatasi zao ili waisikie. Hakujua kwamba inaweza kuwa rahisi hivi. Aliwaombea maseneta huko Washington. Aliomba Mungu awape subira, maana kitu cha mpaka kufa hakiharakishwi, na hapo akasikia kiti cha katibu kikilia sakafuni, akajua kwamba Nderitu ameelewa anachofanya. Yeye peke yake katika ukumbi wote ndiye aliyeweza kuelewa.

Aliendelea. Lakini maombi yalikuwa yamefika kwenye baraza lenyewe, na juu ya baraza alilazimika kusema neno moja kwa Mungu, na neno hilo hakuwa nalo. Kusema Josiane hafai asingeweza. Mungu angejua. Kusema kweli, mbele ya watu wote, kwamba anaomba kwa sababu ya kiti cha gari, pia asingeweza.

"Na baraza letu, Baba," alisema. "Na dada yetu..."

Amina haikutoka, wala neno lingine. Ukumbi ulingoja. Hakuna aliyeweza kumkatiza, na mchungaji alikaa ameinamisha kichwa, akiheshimu kimya kile kama sehemu ya maombi. Kanana alisikia machozi yakishuka mpaka kidevuni na hakuthubutu kuyafuta.

Ndipo sauti nzito ikaanza mbele yake, chini chini kwanza. Josiane alikuwa anaomba. Hakuwa akiomba peke yake kwa zamu, alikuwa akiomba juu ya kimya cha Kanana, kama mtu anayeshika ncha ya pili ya meza nzito. Déo akaingia. Wakongomani wote wakaingia, kila mmoja kwa maneno yake, kwa sauti, mikono juu, jinsi walivyozoea kwao. Wakenya walifungua jicho moja wakatazamana. Kisha na wao, mmoja mmoja, wakaanza. Ukumbi ulijaa sauti kama mvua ya mawe juu ya mabati. Ilipotulia, kulikuwa na Mtonga mmoja mnene mlangoni amebeba sufuria, anasubiri kwa heshima, na nyuma yake wengine wengi. Saa nane ilikuwa imepita.

Watu walikusanya watoto na vitabu vyao. Walipofika nje kwenye maegesho ndipo Déo aliposema, "Lakini huyu mtoto hakusema amina."

Walitazamana. Ilikuwa kweli. Maombi hayajafungwa, basi kura yoyote isingeweza kupigwa mpaka Kanana mwenyewe aseme neno lile.

Siku mbili zilizofuata walimtania bila huruma. Mama mmoja alimkuta dukani akamnong'oneza, "Pole, sikujua bado uko kwenye maombi." Mzee Patroba alipiga simu kutoka Missouri City kusema goti limepata nafuu na asifunge kwanza, bado kuna mgongo. Jerioth alifurahi kupita kiasi. "Mimi nilikutuma uzuie Jumapili moja," alisema. "Wewe umezuia mpaka Yesu arudi."

Jumanne redio ilisema maseneta wamepatana usiku uliopita. Saba wa upande huu na saba wa upande ule walikubaliana kwamba baadhi ya majaji wapigiwe kura, yule wa Texas akiwemo, na desturi iachwe ilivyo, itumike kwa nadra tu. Siku nyingine Nderitu angepiga usukani. Leo aliizima redio.

"Uliona saa?" Kanana aliuliza kutoka nyuma. Alishangaa kusikia sauti yake. "Dada Josiane. Ulipoanza kuomba, uliona saa nane inakaribia?"

"Niko na macho."

"Sasa kwa nini?"

"Weye ulikuwa unalia, chérie. Kiti kinangojaka. Mtu akizama hangoji."

Afadhali angemtukana. Kanana alitazama shingo ile na kuona kwamba hata wema huu anauonea wivu, kwamba angependa yeye ndiye awe amefanya hivyo, kwa ajili ya mtu mwingine, mbele ya Nderitu.

Josiane alishushwa kwanza. Gari lilipobaki na watu wawili, Kanana hakuhamia mbele na Nderitu hakumwambia ahame.

"Kama unampinga ungeniambia," Nderitu alisema. "Mimi na wewe tunabishana kila siku."

"Tulikuwa tunabishana."

"Unampinga?"

"Hapana. Atafaa kuliko wote."

"Basi ile ilikuwa nini?"

Kanana alishika mpini wa mlango. "Ulimpa maneno yangu," alisema. "Yale ya kitu cha mpaka kufa. Ulimpa kama ni yako."

Nderitu aligeuka mzima mzima kumtazama. Alionekana kama mtu aliyeulizwa alikoweka kitu alichokishika mkononi. "Si kila mtu anajua ni yako? Nani mwingine anaongea hivyo?"

Kanana alisema asante, akashuka.

Jumapili ukumbi ulijaa kuliko Pasaka. Mchungaji Gelasius hakuuliza mwenye mzigo ni nani. Alimtazama Kanana tu, akangoja. Jerioth, aliyekaa kando yake, alishika pindo la gauni lake kwa vidole viwili.

Angeweza kukaa kimya. Jambo hilo lilimjia waziwazi na kwa utamu wa ajabu. Hakuna sheria iliyomlazimisha, na neno moja dogo lisilosemwa na mtu asiyesikika lingeshika kiti kile wazi mwaka mzima, Alhamisi zote. Aliuonja utamu huo kwa muda. Kisha akasimama, na pindo likamponyoka shangazi yake.

"Na dada yetu Josiane, Baba," alisema, "umpe kiti hiki, kwa sababu anajua kuomba na mtu anayezama." Akavuta pumzi. "Amina."

Amina ya ukumbi ilitikisa madirisha. Watoto wakaanza kucheka na mchungaji hakuwazuia. Mikono ilipoinuliwa, wa Kanana ulikuwa juu miongoni mwa ya kwanza. Jerioth alikunja yake kifuani, akasema tu, "Haya." Nderitu alihesabu akiwa amesimama, na jicho lake lilipofika mbele lilikaa kwa Josiane zaidi kidogo, au Kanana aliona hivyo, na moyo wake ukauma pale pale palipozoea kuuma.

Jumanne asubuhi Josiane alifika gari likiwa limeshasimama. Kanana alikuwa kando ya mlango wa mbele, mkono juu ya kitasa.

"Dada," alisema, "leo nakaa mbele mimi."

Josiane alimtazama kutoka juu, akacheka polepole. "Nilikuwa najiuliza utasema lini." Akaingia nyuma na kukunja miguu yake mirefu kama kiti cha kukunja.

Waliingia barabara ya 183. Kanana alisogeza kiti chake mbele, kikarudi mahali pake pa zamani. Nderitu alitazama barabara, akatazama kioo cha ndani, akatazama barabara, akatazama kioo tena. Kanana aliona. Kumbe mbele nako kuna maumivu yake. Anamtazama. Hata Josiane akiwa nyuma, bado anamtazama yeye.

"Kioo hiki," Josiane alisema huko nyuma. "Leo njo naelewa. Wiki zote nikikaa hapo mbele alikuwa anakitazama namna hii hii, nikafikiri polisi wanatufuata."

Masikio ya Nderitu yaliwaka kwa haya.

"Sasa ni mazoea," Josiane aliendelea. "Anatazama, anakuta ni mi. Pole, katibu."

Kanana aligeukia dirishani. Alitaka kukumbuka asubuhi hata moja kati ya zile alipoinua macho na kuyakuta ya Nderitu kiooni, na hakuikumbuka hata moja, kwa kuwa zote alikuwa akitazama shingo ya Josiane. Akamwonea wivu msichana yule wa kiti cha nyuma wa wiki zile, aliyekuwa akitazamwa muda wote huo bila kujua.